Siga za Cuba zisizovuma zinazonoga zikikaa: ulinganisho wa kukusaidia kuchagua kasha

Anayetafuta siga ya kuweka kwa miaka kadhaa huanza na majina makubwa: Cohiba, Trinidad, Montecristo. Tangu 2022, Habanos s.a., kampuni inayouza siga za Cuba duniani, ilipopandisha bei za Cohiba na Trinidad duniani kote hadi kiwango cha Hong Kong, kuanzia huko kumekuwa ghali kupita kiasi, na kwa suala la kukomaza hakuna ulazima huo. Katika orodha hiyohiyo ya Cuba zipo chapa kongwe ambazo wauzaji huzipanga rafu ya chini: Por Larrañaga ya mwaka 1834, Ramón Allones ya 1837, Juan López, Sancho Panza, Rafael González. Tumbaku yake inatoka Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, kama ya hizo nyingine, na husokotwa kwa mkono na mafundi wa kiwango kilekile. Baadhi yake zikipata miaka mitano ya utulivu hazina cha kuzionea wivu zile za bei kubwa.

Hapa tumezipanga kwa ukubwa, siga ya kipimo kimoja na mwenzake wa kipimo hichohicho. Siga nene na nyembamba haziivi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo ukiziweka bega kwa bega utakuwa unapima unene, si ubora. Na yote haya ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta na anajua kwamba tumbaku ina madhara, hata kwa asiyeuvuta moshi hadi mapafuni.

Kinachoendelea ndani ya kasha

Siga ikitoka kiwandani huwa bado na amonia iliyobaki kutokana na kuchachushwa kwa majani. Utaitambua kabla hujawasha kiberiti. Sogeza ncha ya kuwashia karibu na pua, vuta pumzi polepole. Ikikuchoma juu puani na kukupa harufu ya banda la kuku, bado haijatulia. Sehemu kubwa ya amonia hiyo huondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Baada yake inafuata kazi ya polepole zaidi: uchungu na ukavu unaokwaruza ulimi hupungua, mafuta ya majani hutulia, na ladha zilizokuwa zikija moja moja, kila moja ikipiga kelele yake, huanza kuungana.

Lakini miaka hupunguza pia nguvu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kukaa hakuleti ladha ambayo haikuwamo tangu mwanzo, kwa hiyo siga hafifu ikiwekwa miaka kumi hutoka ikiwa hafifu zaidi. Mmea wa tumbaku una majani ya chini, volado, yanayosaidia siga kuwaka. Ya katikati, seco, yenye harufu. Na ya juu, ligero, yaliyopigwa jua sana, mazito kwa mafuta, yenye nguvu na yanayoungua taratibu. Siga yenye ligero ya kutosha huanza ikiwa kali, na ukali huo ndio akiba yake ya miaka. Kipimo tunachokiamini ni hiki: ivute moja ikiwa changa. Kama ni kali na ina uchungu kidogo, lakini chini yake unasikia utamu au tunda, weka kasha. Kama tayari ni laini na tamu, wala haina pembe hata moja, usiisubirishe.

Por Larrañaga na Sancho Panza zinakwenda kinyume na kipimo hicho, na tutaeleza kwa nini zikifika zamu yake.

Neno moja kuhusu vipimo. Unene wa siga huandikwa kwa namba, kila moja ikiwa ni sehemu ya 64 ya inchi. Namba 42 ni karibu milimita 16.7, namba 50 ni karibu milimita 19.8. Nyembamba hukomaa upesi na hufifia mapema. Pia ndizo zinazoziba kwa urahisi zikihifadhiwa kwenye unyevu mwingi, kwa sababu majani yakivimba hakuna nafasi ya hewa kupita.

Ndogo tatu za 42 × 110 mm

Umbo hili kiwandani huitwa Minutos. Linavutwa kwa dakika 25 hadi 35, na ndilo tunalomshauri mtu anayeanza kukomaza, kwa kuwa kasha lake ni la bei nafuu kuliko la siga nene na matokeo huonekana mapema.

*Partagás Shorts* ndiyo kali kuliko wenzake. Ikiwa changa ni pilipili manga na udongo uliolowa, na theluthi ya mwisho huchoma ulimi wa mtu asiye na mazoea. Watu huivuta hivyo, wakahitimisha kwamba ni siga ya bei nafuu isiyo na adabu, wakaachana nayo. Ipe miaka mitatu. Pilipili inarudi nyuma, inabaki puani tu wakati wa kutoa moshi, na mbele kunakuja kahawa nyeusi, ngozi na utamu mzito kidogo. Miaka mitano hadi saba ndipo inapokuwa bora, na yenye ligero nzuri huvuka kumi. Kati ya siga zote humu, hii ndiyo inayobadilika zaidi kati ya mwaka wa kwanza na wa tano.

*Ramón Allones Small Club Coronas* haina pilipili ya namna hiyo. Ni zabibu kavu, tende na mkate wa ngano uliokolea moto, kwa mwili (uzito wa moshi mdomoni) mkubwa kuliko udogo wake. Shida yake si ladha bali mvuto. Kwenye kasha moja utakuta zinazopitisha hewa vizuri na nyingine zilizobana, kwa hiyo kabla ya kuziweka ziminye taratibu kwa vidole viwili kutoka kichwani, mwisho unaotiwa mdomoni, hadi ncha ya kuwashia. Yenye fundo gumu katikati itakuwa vilevile baada ya miaka sita. Ivute mapema au itoboe kwa sindano ndefu ya kusafishia mvuto.

*San Cristóbal de La Habana El Príncipe* ni ya chapa changa iliyoanzishwa 1999. Kahawa ya maziwa, kakao, viungo kidogo. Hii inafikia utamu wake ndani ya miaka miwili au mitatu, na baada ya sita huanza kupoteza kakao yake. Ni siga ya asiye na subira, na hilo si kasoro. Mwenye kasha la El Príncipe la kuvuta leo ndiye anayeweza kuliacha kasha la Shorts bila kuligusa.

Tukiambiwa tuchague moja kwa ajili ya kukaa tu, ni Shorts bila kusita. Small Club Coronas tunaipa nafasi ya pili kwa mtu ambaye pilipili haimpendezi hata kidogo.

Marafiki wawili wa 42 × 129 mm

Umbo la Mareva, ambalo wengi wanalijua kwa jina la petit corona. Dakika 35 hadi 45.

*Rafael González Petit Coronas* ina jambo la pekee: lebo ya makasha yake yenyewe humshauri mvutaji avute siga ndani ya mwezi mmoja tangu zisafirishwe kutoka Havana, au azikomaze kwa uangalifu kwa takriban mwaka mmoja. Ushauri huo si mapambo. Siga iliyosokotwa juzi ina unyevu wake wa kiwandani na hupendeza kwa namna yake. Kisha huingia kipindi ambacho wavutaji wa zamani hukiita kuumwa, amonia inapojitokeza na ladha kuvurugika. Baadaye hutulia tena. Sisi wa mbali na Havana hatuipati siga ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo kwetu lililobaki ni la pili. Rafael González ni laini: mbao, lozi, maua kidogo. Mwaka mmoja wa lebo unatosha kuiponya, miaka minne inaifikisha kileleni. Kuiweka kumi ni kupoteza.

*Por Larrañaga Petit Coronas* ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ikiwa changa ina ladha ya majani makavu na karatasi, na mtu mwenye haraka ataapa kwamba hakuna kitu. Haina ukali wa ligero unaosubiri kupunguzwa. Kilichomo ni utamu uliofunikwa, na kifuniko chake, ule ukavu wa ujana, ndicho kinachoondolewa na miaka. Kwenye mwaka wa nne au wa tano inaanza kutoa sukari guru iliyopikwa, asali, na mkate wa siagi. Hakuna siga nyingine ya bei hii inayotoa utamu wa aina hiyo bila kuwa nzito.

Kwa miaka mingi siga hii imeuzwa katika makasha ya 50, ya mbao tupu yenye mfuniko wa kuteleza, siga zikiwa zimefungwa kitita kwa utepe. Ukilipata la namna hiyo lichukue kuliko kasha la 25 lililopambwa kwa karatasi. Siga 50 zilizoshikana hubadilisha unyevu wake taratibu, kwa hiyo kasha likifunguliwa mara moja moja siga za katikati hazijui kilichotokea. Usifungue utepe kwa ajili ya kuzipanga upya.

Kati ya hizi mbili, anayevuta asubuhi na kahawa na hataki kungoja achukue Rafael González. Mwenye miaka mitano achukue Por Larrañaga, na asiihukumu kabla.

Nene mbili za 50 × 124 mm

Hili ni umbo la Robusto, dakika 50 hadi 60, na ushindani wake ndio mkali kuliko wote kwa sababu siga zote mbili zina mwili wa kutosha.

*Ramón Allones Specially Selected* si siri tena kwa wavutaji wa siku nyingi, ila mnunuzi wa kawaida bado anaipita akienda Cohiba Robustos yenye kipimo hichohicho. Ladha yake ni ya matunda makavu: zabibu, tini, tende iliyoiva sana, pamoja na ngozi na mkate mweusi. Hatari yake ni kwamba ina ladha nzuri hata ikiwa na mwaka mmoja, basi kasha huisha kabla halijafika popote. Kati ya mwaka wa tano na wa kumi tunda lake huacha kuwa tunda la mbele na kuwa kitu kinachopita siga nzima, kuanzia mvuto wa kwanza hadi unapoiacha. Moshi unakuwa mnene lakini hauumizi. Nunua mawili: moja la kuvuta sasa, moja la kufunga kwa tepu na kuandika mwaka juu yake.

*Juan López Selección No. 2* imefungwa. Hakuna neno bora. Mwaka wa kwanza unasikia udongo, mbao na kahawa iliyoungua. Mwaka wa pili inakuwa bubu kabisa, ikitoa moshi mwingi usio na habari, na ndipo wenye makasha huyauza kwa bei ya hasara. Kwenye mwaka wa nne inaanza kufunguka, na kuanzia wa sita ni kahawa, kakao chungu na viungo vitamu, kavu kuliko Ramón Allones na yenye mpangilio zaidi. Hii ndiyo siga ambayo jina lake dogo linamnufaisha mnunuzi. Kasha la Juan López lenye miaka mitatu, lililochokwa na mtu mwingine, ni ununuzi mzuri kuliko kasha jipya la chapa yoyote.

Mwenye uwezo wa kasha moja tu la nene achukue Ramón Allones; hakuna namna ya kupoteza. Juan López ni ya mtu ambaye ameshawahi kusubiri na anajua kwamba bubu si mfu.

Sancho Panza Belicosos, peke yake

Ni 52 × 140 mm, kichwa kimechongoka, umbo la Campana. Hatukuipa mpinzani kwa sababu haifanani na nyingine. Ni nyepesi, ina mbao, korosho zilizokaangwa, na chumvichumvi midomoni ambayo wengine huipenda na wengine huikataa moja kwa moja. Haina ukali, lakini kama Por Larrañaga ina ladha iliyojificha nyuma ya ukavu, na unene wa 52 unafanya safari yake iwe ndefu: miaka saba ndiyo mwanzo wa ubora wake. Kichwa kilichochongoka kikate kwa hatua. Anza na milimita 3 au 4 kutoka kileleni mwa kichwa hicho, jaribu mvuto bila kuwasha, ongeza kidogo kama imebana. Ukikata chini kwa pigo moja unapoteza faida ya umbo lenyewe, na jani la nje hufumuka.

| Siga | Kipimo (unene × mm) | Nguvu ikiwa changa | Huanza kufunguka | Ubora wake |
|---|---|---|---|---|
| Partagás Shorts | 42 × 110 | kali | mwaka 3 | 5–7 na zaidi |
| Ramón Allones Small Club Coronas | 42 × 110 | wastani hadi kali | mwaka 2 | 4–7 |
| El Príncipe | 42 × 110 | wastani | mwaka 1 | 2–5 |
| Rafael González Petit Coronas | 42 × 129 | laini | mwaka 1 | 2–4 |
| Por Larrañaga Petit Coronas | 42 × 129 | laini | mwaka 4 | 5–10 |
| Ramón Allones Specially Selected | 50 × 124 | wastani hadi kali | mwaka 1 | 5–10 |
| Juan López Selección No. 2 | 50 × 124 | wastani | mwaka 4 | 6–10 |
| Sancho Panza Belicosos | 52 × 140 | laini | mwaka 5 | 7–12 |

Miaka hiyo ni hukumu yetu kwa siga iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 16 hadi 18 na unyevu wa asilimia 65, ikihesabiwa tangu tarehe iliyopigwa muhuri chini ya kasha. Kwenye joto zaidi mambo huenda kasi, na si kwa uzuri.

Za nje ya Cuba tunazipitia haraka. Nyingi za Nikaragua na Jamhuri ya Dominika huuzwa zikiwa tayari zimepumzishwa, kwa hiyo faida ya kuziweka ni ndogo. Zenye ligero nyingi za Estelí, Nikaragua, hulainika vizuri kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Zenye jani la nje la Connecticut lililokuzwa kivulini vuta tu. Jani la Kameruni ni jembamba na hupasuka upesi kwenye ukavu, ila utamu wake hudumu. Kwa msomaji aliyeko Marekani, hizi ndizo chaguo halali: siga za Cuba haziruhusiwi kuingizwa, na tangu Septemba 2020 hata za matumizi binafsi ndani ya begi la msafiri hazikubaliwi.

Dar si Nairobi: hali ya hewa inaamua kabla yako

Aliyeko Nairobi, Arusha au Kigali ana bahati. Chumba cha ndani kisichopigwa jua huwa karibu na nyuzi 18 hadi 22 sehemu kubwa ya mwaka, na kazi inayobaki ni unyevu tu. Aliyeko Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Muscat ana tatizo la joto, na joto lina mdudu.

Mdudu wa tumbaku ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya kahawia yenye wekundu. Mayai yake huja yamefichika ndani ya majani na huanguliwa joto likizidi nyuzi 23 au 24 pamoja na unyevu mwingi. Dalili ni tundu la mviringo kama la pini kwenye jani la nje, na unga laini chini ya kasha. Huyu ndiye yuleyule anayeshambulia bizari na pilipili ya unga, kwa hiyo usihifadhi siga karibu na kabati la viungo. Wauzaji rasmi wa Cuba hugandisha siga kabla ya kuzituma, lakini kasha lililopitia mikono mitatu kwenye joto la pwani linastahili kugandishwa tena nyumbani.

Funga kasha zima ndani ya mifuko miwili ya plastiki na utoe hewa. Liweke kwenye friza: siku 3 kama inafika nyuzi −20, siku 5 kama ni −18. Lihamishie kwenye friji ya kawaida saa 24, likiwa bado limefungwa. Kisha liache chumbani hadi plastiki isiwe na jasho wala baridi, ndipo ufungue. Wanaofungua mapema hupata matone juu ya siga, jani la nje linavimba kuliko la ndani, na linapasuka kwa urefu. Umeme ukikatika katikati hadi kuyeyuka, hesabu siku upya. Siga iliyogandishwa ipumzishe wiki nne kabla ya kuionja.

Kwa pwani, friji ya mvinyo iliyowekwa kwenye nyuzi 17 au 18 ndiyo suluhisho. Chagua yenye kompresa. Zile ndogo zisizo na kompresa hushindwa chumba kikifika nyuzi 32, na huwa zinazunguka usiku na mchana bila kufika. Friji hukausha hewa, kwa hiyo usiweke makasha wazi ndani yake: kila kasha au mawili yaingie kwenye kontena la plastiki lenye mpira wa kuziba na kufuli za pembeni, pamoja na mifuko ya kurekebisha unyevu ya asilimia 65. Gramu 60 kwa kila siga 25. Kontena likiwa na harufu ya plastiki, lioshe na uliache wazi juani siku mbili kwanza.

Usiamini haigromita (kipima unyevu) uliyonunua kabla ya kuipima. Weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka iwe uji mzito usioyeyuka, ifunge pamoja na haigromita ndani ya mfuko usiopitisha hewa, subiri saa 12 hadi 24. Inatakiwa isome 75. Ikisoma 71, basi kila inachokuonyesha ongeza 4.

Siga ikiwa imebana kwa unyevu, ushauri wa kawaida wa kuiacha kwenye kasha tupu siku mbili haufanyi kazi Dar wala Mombasa, kwa kuwa hewa ya chumba yenyewe mara nyingi iko asilimia 75 na zaidi, na utaitoa ikiwa imelowa kuliko ulivyoiweka. Tumia chupa ndogo ya kioo yenye mfuko wa asilimia 58, siku tatu. Madoa meupe yenye manyoya au rangi ya kijani na buluu ni kuvu: toa siga hizo, shusha unyevu hadi 62, na kagua za jirani.

Anayetaka kuchongewa kasha na fundi seremala aangalie mbao. Inayofaa ni mwerezi wa Amerika, Cedrela odorata, mti ambao umepandwa pia Tanzania na hata umeenea wenyewe katika msitu wa Kimboza, Morogoro. Hakikisha umekaushwa vizuri. Usipokauka utatoa utomvu unaonata, na siga iliyogusana nao haitengenezeki. Usikubali mtarakwa kwa sababu tu una harufu nzuri. Mafuta yake ni makali na ndani ya miezi siga zote zitakuwa na ladha yake. Udi, ubani na nafthalini za kabatini hufanya hivyohivyo, kwa hiyo kontena likae mbali na nguo na chetezo.

Kusoma kasha kabla ya kulipa

Geuza kasha. Chini pawe pamechomwa kwa moto Habanos s.a., Hecho en Cuba na Totalmente a mano. Karibu yake muhuri wa wino wenye msimbo wa kiwanda na tarehe kwa vifupisho vya Kihispania, kwa mfano ABR 21, yaani Aprili 2021. ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Tarehe hiyo ndiyo unayoilipia: kasha la Juan López la 2020 na la 2024 kwa bei ileile si bidhaa moja. Angalia mhuri wa dhamana wa kijani na mweupe upande wa kushoto, pamoja na namba yake ya mistari, ambayo huweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya Habanos. Kasha lenye mfuniko wa kioo ni la bandia, bila mjadala. Chapa ndogo zina nafuu hapa pia, kwani waghushi hupendelea majina yanayouzika.

Fungua, nusa. Rangi za siga ziende pamoja, nyeusi zaidi kushoto, hafifu zaidi kulia. Rangi zikiruka ovyo, kasha limechanganywa.

Vuta moja baada ya mapumziko, andika tarehe na ulichosikia, kisha moja kila baada ya miezi sita. Kwa kasha la 25, ukifika mwaka wa tano utakuwa umetumia 11 na una 14 zilizofika. Mionjo miwili mfululizo ikiwa hafifu kuliko iliyotangulia, bila kuongeza utamu wala harufu yoyote, na ncha ya kuwashia ikiwa imebaki na harufu ya karatasi tu, acha kusubiri na umalize kasha mwaka huohuo. Kwa El Príncipe na Rafael González tegemea hilo mapema. Kwa Por Larrañaga usilichanganye na ule ukavu wa mwanzo: ikiwa kasha lina chini ya miaka minne, ladha ya karatasi haina maana kwamba imekwisha, ina maana kwamba bado haijaanza.